Gunia Namba 118

Mtaa mzima ulimwita Bi Posta, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya visanduku vya barua, mkono wa kushoto umeshika bunda, mkono wa kulia unapanga, na alipostaafu wakampa cheti na saa ya ukutani. Saa ilikufa baada ya mwezi mmoja. Macho yake hayakufa. Aliweza kulitazama lundo la taka mara moja tu akakwambia kipi kimetoka kwa muuza dawa, kipi kwa kinyozi, na kipi kimedondoshwa na mtu aliyejifanya anafunga kamba za viatu.

Basi alipoanzisha Chama cha Mtaa Safi pamoja na majirani kumi na wawili, hakuhangaika na matangazo ya kuwasihi watu wasitupe ovyo. Matangazo yenyewe huishia kuwa taka. Yeye alileta utaratibu wa kazini kwake: barua isiyofika hurudishwa kwa mtumaji. Ukitupa, unarudishiwa, mchana kweupe, mbele za watu, kwa salamu na bila tusi hata moja.

"Hodi hapa. Hamjambo? Kuna kitu chenu mmekisahau kule mtaroni."

Kinyozi alirudishiwa nywele zake ndani ya bahasha ya kaki. Daktari wa meno alirudishiwa vijikombe vya plastiki sitini, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na Bi Posta akakaa kwenye benchi la wagonjwa kusubiri avipokee mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kurudishiwa mara ya pili.

Na mtaa ulibadilika, tusimnyime mtu haki yake. Mitaro ilianza kupitisha maji badala ya chupa. Kuta zilipakwa chokaa, matairi mabovu yakageuka vyungu vya maua. Kila Jumamosi chama kilifagia, kikapokea na taka za maduka, kikajaza magunia, na Bi Posta akaliandika kila gunia namba kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wake wa posta unaolalia kulia. Namba ya mwisho ilipandishwa kwenye ubao uliotundikwa pale konani: MAGUNIA TULIYOZOA MPAKA SASA. Kwa miezi saba walikuwa wakipata matatu, manne kwa wiki. Kisha, ghafla, matano. Wiki iliyofuata sita, halafu saba, halafu manane, na Jumamosi iliyopita tisa! Ubao ukasoma 147 na chama kizima kikapiga makofi. Hakuna hata mmoja wao, na walikuwemo watu wenye akili zao timamu, aliyejiuliza kwa nini mtaa unaozidi kuwa safi unazidi kuzaa taka.

Magunia yalipelekwa dampo na mdogo wake Bi Posta, kitinda mimba wa nyumba yao, mwanamume wa miaka hamsini na miwili ambaye mtaa ulimwita Meneja. Cheo kamili alichojipa ni Meneja wa Usafirishaji. Usafirishaji wenyewe ulikuwa mkokoteni mmoja wa magurudumu mawili, nao aliufuta vumbi kila asubuhi kama mtu mwenye gari jipya. Jumamosi adhuhuri aliupakia, akavaa kofia, watu wakamshangilia, akakata kona kwenye ukuta wa ghala na kupotea kuelekea mlimani.

Sasa ile kona. Kwa miaka mingi ilikuwa jalala, pua ya mtaa mzima ilijua. Chama kiliisafisha mpaka udongo ukaonekana, na Jumatatu ya wiki hiyo wakapanda miche ya maua na miti minne ya kivuli. Afisa wa manispaa alikuwa ameahidi kuja Jumamosi saa nne. Akikuta kona safi na miche imeshika, angekikabidhi chama kiwanja kile kwa miaka kumi, kiwe bustani ya kupumzikia. Akikuta vinginevyo, kingekuwa maegesho ya malori, na barua ya maegesho ilikwisha kuchapwa, imebaki kutiwa sahihi. Bi Posta aliijua hofu ya barua iliyokwisha kuchapwa. Usiku hakulala vizuri, mchana alijikaza kisabuni.

Alhamisi asubuhi alifika konani na kukuta gunia limelala juu ya miche mitatu.

Lilikuwa limepasuliwa ubavuni, na alama za mbwa waliolikokota zilionekana mpaka pembeni mwa ghala. Damu ilimpanda kichwani. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye ule mpasuko, akatoa vipande vya vitambaa, nyuzi zilizojiviringa, na lebo ndogo ndogo zenye picha ya kifungo. Hakuhitaji miwani. Mtaani hapo fundi mwenye lebo ya kifungo ni mmoja tu, mwanamke waliyemwita Mama Vifungo, kwa kuwa hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye kifungo kilicholegea.

Bi Posta alilitwika gunia begani, akavuka barabara.

Dukani kwa Mama Vifungo walikuwepo wateja wanne, mmoja akiwa bibi harusi anayepimwa gauni. Cherehani ilikuwa ikienda kasi. Bi Posta alishusha gunia mlangoni.

"Hodi hapa. Hamjambo nyote?"

"Hatujambo, karibu," alisema Mama Vifungo, pini mdomoni.

"Nimekuletea kitu chako ulichokisahau juu ya maua yangu."

Cherehani ilinyamaza. Mama Vifungo alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Takataka zangu namkabidhi Meneja kila Jumamosi. Nazifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kila mtu husema hivyo, mwenzangu."

"Mimi si kila mtu."

"Siku njema," alisema Bi Posta, akaondoka kichwa juu. Nyuma yake alimsikia bibi harusi akicheka kidogo, na, tuseme ukweli, kicheko kile kilimpendeza.

Mama Vifungo hakupiga kelele wala hakumfuata barabarani. Alichukua kufuli, akatoka nje, akalifunga bomba lililokuwa ubavuni mwa duka lake. Ndilo bomba pekee lililokuwa karibu na kona. Ndilo lililoinywesha miche tangu Jumatatu, bure, kwa hisani yake.

Kufikia saa saba jua lilikuwa likiwaka bila huruma na miche imeinamisha shingo. Bi Posta alibeba ndoo mbili kutoka nyumbani kwake, mwendo wa robo saa, nusu ya maji ikamwagika njiani. Alizitazama zile mita ishirini za udongo mkavu akapiga hesabu ya ndoo hadi Jumamosi. Ilimshinda. Hapo akakata shauri kwenda kuomba radhi ya uongo, ile ya "yaliyopita yamepita", ili apate maji.

Gunia lilikuwa bado mlangoni. Lakini Mama Vifungo alikuwa ameligeuza, upande uliokuwa umegusa bega la Bi Posta sasa unatazama barabara. Kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko unaolalia kulia, lilikuwa limeandikwa 118.

Mama Vifungo hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Alikanyaga cherehani, akageuza kitambaa, akakanyaga tena.

Bi Posta alisimama pale kama aliyepigiliwa misumari. Gunia la 118 aliliandika mwenyewe wiki nne zilizopita. Alikumbuka hata brashi ilivyokuwa imekauka, akalazimika kuirudia ile nane. Aliliona likipakiwa mkokotenini. Lilipaswa kuwa mlimani, chini ya taka za mji mzima. Miaka thelathini na mmoja kazini kwake sheria ilikuwa moja: soma nje, ya ndani hayakuhusu. Na yeye leo alikuwa amepekua ndani kwa mikono miwili, nje asisome. Hata mwanafunzi wa wiki moja pale posta asingefanya kosa hilo.

Nyani haoni kundule. Aliondoka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Meneja aliishi chumba cha uani kwa dada yake. Bi Posta alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, chumba kinanuka dawa ya kuchua.

"Gunia la mia na kumi na nane ulilipeleka wapi?"

"Dampo, dada. Kwani kuna nini?"

"Lipo mlangoni kwa fundi."

"Labda limerudi." Alijaribu kucheka. Dada yake hakucheka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia hapo hapo kitandani.

"Pandisha suruali."

"Dada, jamani, mimi si mtoto."

"Pandisha, mdogo wangu."

Goti la kulia lilikuwa limevimba, limejaa maji, ngozi inang'aa. Bi Posta alikaa chini sakafuni, akalishika kwa viganja viwili. Lilikuwa la moto.

"Wiki ya tano sasa," alisema Meneja. "Ule mlima una kona tatu. Zote nilikuwa nazipita. Siku ile nilishindwa hata ya kwanza. Nikarudisha mkokoteni nyuma polepole, nikayaweka magunia kwenye lile shimo nyuma ya ghala. Nikasema Jumamosi ijayo nitayapeleka yote. Jumamosi ikaja na mengine."

"Na mbwa wakayachana, upepo ukayatawanya, sisi tukayazoa upya."

"Mkapiga makofi," alisema Meneja. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyeteswa na makofi yale.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kabla ya mkokoteni kila niliyekutana naye aliniuliza nimepata kazi au bado. Sasa wananiita Meneja. Ni utani, najua ni utani, lakini wananisalimia. Meneja asiyeweza kutembea ni nani, dada?"

Bi Posta alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, akaishia kumshushia suruali taratibu.

Ndipo Meneja akatoa wazo lake. Kulikuwa na turubai kubwa ghalani, mlinzi wa pale rafiki yake. Wafunike lile shimo, mbele wapange vyungu vyote vya matairi, viwili viwili. Afisa hukaa dakika kumi, anatazama maua, anatia sahihi. Jumatatu wanatafuta kijana wa kuyapandisha magunia kidogo kidogo. Hakuna atakayejua.

Nisikufiche, wazo lilimwingia. Aliliona turubai, aliviona vyungu, aliiona sahihi. Bustani ya miaka kumi kwa dakika kumi za kufumba macho. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Kisha akawakumbuka wateja wanne wa Mama Vifungo.

"Yule mama nilimpelekea gunia mbele za watu," alisema. "Mimi nani mpaka yangu nifunikiwe turubai?"

"Utaniaibisha, dada."

"Wewe sitakutaja. Nitajitaja mimi."

Ijumaa saa kumi jioni, maduka yakiwa bado wazi, Bi Posta alipanda kwenye ngazi ya duka la Mama Vifungo. Aliwaita wanachama, na walipokuja wanachama wakaja na watu wengine, maana mtaa hukusanyika upesi panaponuka aibu ya mwenzao. Alikuwa amevaa gauni lake la kazi la zamani, la kijivu.

"Hamjambo. Gunia hili si la Mama Vifungo. Ni la chama. Namba ni mwandiko wangu. Tulilizoa, tukalihesabu, tukalipigia makofi, kisha tukalitupa wenyewe. Na si hili peke yake. Nilimdhalilisha mtu asiye na kosa, mbele za watu, kwa hiyo namwomba radhi mbele za watu. Na ubao wetu ni uongo." Alivuka barabara, akafuta ile 147 kwa kitambaa. Wanachama wawili waliguna.

"Alaa! Aliyetupa ni nani?" aliuliza kinyozi, ambaye bahasha ile ya kaki ilikuwa bado inamkaa moyoni.

"Mwenyekiti wa chama ni mimi. Niandike mimi."

"Si yeye." Sauti ilitoka nyuma. Meneja alikuwa anakuja, anachechemea, kofia mkononi, na watu wakampisha. "Ni mimi. Goti limekufa, mlima umenishinda, nikaogopa kusema. Yeye hakujua." Alitazama chini, kisha akajilazimisha kutazama juu. "Basi. Nimesema."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa amejiumbua mwenyewe mapema, na watu hawakujua wamfanyeje. Mama Vifungo ndiye aliyejitokeza mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. Alimtazama Meneja kuanzia kofia hadi goti, kama anayekadiria kitambaa.

"Magunia mangapi?"

"Thelathini na tano yalipelekwa shimoni. Mazima yamebaki kama ishirini, mengine yamechanika."

Mama Vifungo alitoa ufunguo mfukoni akampa Bi Posta. "Nywesha maua kwanza. Na wewe," akamgeukia kinyozi, "unauliza nini? Nywele zako zimo humo. Na zako, na zako. Sote tulimkabidhi huyu bwana taka zetu na hakuna aliyemuuliza mara moja, 'Je, mlima unaupandaje?' Kesho saa kumi na mbili asubuhi nafunga duka. Nani ana mkokoteni?"

Muuza saruji alikuwa nao. Ghala walikuwa na wa pili. Saa kumi na mbili na nusu Jumamosi, mikokoteni mitatu iliyosheheni ilikata ile kona ya ukuta wa ghala, na safari hii watu hawakubaki nyuma kushangilia.

Bi Posta alishika mkono mmoja wa mkokoteni wa chama, Mama Vifungo mkono wa pili. Mpaka mguuni mwa mlima walikuwa wakipiga soga. Kona ya kwanza iliwanyamazisha. Mzigo ulirudi nyuma kana kwamba kuna mtu anauvuta, viatu vikateleza kwenye kokoto, mabega yakaanza kuwaka.

"Shika chini zaidi, dada," alisema Meneja, anayetembea kando na fimbo. "Usisukume kwa mikono, utaumia. Weka kifua. Hapo. Ukifika lile jiwe jeupe pumzika, weka kipande cha tofali nyuma ya gurudumu. Mimi hupumzika hapo."

Kila mita ya njia ile aliijua. Alijua shimo linalokula gurudumu la kushoto na mahali ambapo maji ya mvua yamekata barabara. Bi Posta aliweka kifua. Kwa miezi minane alikuwa ameandika namba, ameandika kwa mwandiko mzuri, na hata siku moja hakuwahi kusukuma. Machozi yalimtoka na akayaacha yatoke, jasho lilikuwa jingi, hakuna ambaye angetofautisha.

Getini mwa dampo alisimama mtu aliyevaa shati jeupe, daftari la mlinzi wazi mkononi mwake. Alikuwa afisa wa manispaa. Bi Posta alimtambua.

"Kabla sijamkabidhi mtu kiwanja huwa napita huku kwanza," alisema afisa baada ya salamu. "Daftari linasema mlileta taka kila wiki kwa miezi saba. Kisha wiki tano hamna kitu. Nilikuwa nakuja kuwauliza zilikwenda wapi."

Bi Posta alifikiria turubai, akashukuru kwa yote mawili, kwa kulifikiria na kulikataa.

"Hazikwenda popote, mwanangu. Zilikaa nyuma ya ghala. Tulijidanganya. Ndizo hizi."

Afisa alitazama mikokoteni mitatu, akawatazama fundi cherehani, kinyozi, daktari wa meno aliyekuwa amekaa chini akihema, na mwenye saruji mwenyewe. Alitazama magunia yakishushwa mpaka la mwisho, na mlinzi akiandika.

"Mwaka wa kumi nafanya kazi hii," alisema. "Watu hunionyesha maua. Hakuna aliyewahi kunionyesha alikotupa." Alifunga daftari. "Saa nne nitakuja konani na karatasi. Miaka kumi, kama tulivyosema. Lakini ubao wenu uandikwe kutoka kwenye daftari hili."

"Utaandikwa," alisema Bi Posta. "Na kila duka litakuwa na wiki yake ya kusukuma. Meneja atapanga zamu. Anaijua njia."

Meneja alivaa kofia yake. Aliivaa vizuri, kwa mikono miwili.

Walipogeuka kushuka, fimbo ilimtoroka na goti likakataa kabisa. Alishikilia ukingo wa mkokoteni mtupu, midomo imekauka kwa maumivu. Bi Posta aliuinamisha mkokoteni mpaka ukagusa chini.

"Panda."

"Dada, hapana. Mtaa mzima utaniona nimebebwa kama gunia."

"Waone," alisema, akamshika kwapani, akamkalisha. Mama Vifungo alishika mkono wa pili bila kuombwa, na kinyozi akatangulia mbele kuzuia mkokoteni usishike kasi. Mlima ulikuwa mkali, ikabidi waende polepole, hatua kwa hatua, huku Meneja akiwaelekeza kutoka juu wapite kulia au kushoto.